Siri ya Mtungi: Je, Ni Haki Kuifanya Lugha ya Mama Kuwa Fumbo?

Mwaka jana, mwezi wa Desemba, nilipanda taksi mjini Arua kwenda nyumbani Koboko. Gari lilikuwa limejaa kama kawaida ya msimu wa sikukuu. Kondakta aliponiuliza nashukia wapi nilimjibu kwa Kikakwa, naye akatabasamu. Kuanzia hapo nikawa mtu wa nyumbani. Kando yangu alikaa mama mmoja aliyempakata mtoto, na godoro lake lilikuwa limefungwa kwa kamba juu ya gari. Alikuwa amezungumza kwa simu kwa Kiarabu cha Juba, kwa hiyo sote tulijua kwamba ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Nauli ilikuwa shilingi elfu kumi. Mama yule akatoa noti ya elfu ishirini.

Kondakta akamwambia dereva kwa Kikakwa, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayezungumzia mvua: "Huyu hajui nauli. Noti yake imetosha, hakuna chenji." Kisha akanikonyeza. Nami nikatabasamu.

Tulipokaribia Koboko, mama yule akamgeukia kondakta na kusema polepole, "Mwanangu, chenji yangu elfu kumi." Hakusema kwa Kiarabu. Alisema kwa Kipojulu, lugha ya watu wa upande wa Lainya. Kipojulu, Kikuku, Kibari na Kikakwa ni lugha za tumbo moja, na hakuna Mkakwa ambaye asingeelewa sentensi ile, kama ambavyo mama yule alivyoelewa kila neno la kondakta tangu tulipotoka Arua. Kondakta alitoa chenji bila kusema kitu. Mama hakugomba. Alinitazama mimi kidogo, kisha akaendelea kumbembeleza mtoto wake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alinitazama mimi badala ya kondakta. Kondakta alikuwa na elfu kumi za kupata. Mimi sikuwa na chochote cha kupata. Nilichofurahia ni kule kuwa ndani ya siri tu. Insha hii inatokana na tabasamu lile. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, ni haki kuitumia lugha ya mama kama fumbo, yaani kuwafungia wengine nje ya mazungumzo kwa makusudi? Na kama wakati mwingine ni haki, mpaka wake uko wapi?

Mfano unaotajwa sana katika jambo hili ni ule wa Wanavajo wa Marekani. Mwaka 1942, katika Vita Vikuu vya Pili, jeshi la wanamaji wa miguu la Marekani, linaloitwa Marine Corps, lilikuwa na shida ya mawasiliano. Wajapani walikuwa wakisikiliza redio zao, na wengi wao walijua Kiingereza vizuri. Philip Johnston, mtoto wa mmisionari aliyekulia miongoni mwa Wanavajo, akapendekeza lugha ya Kinavajo itumike. Vijana 29 wa Kinavajo wakaandikishwa na kutunga fumbo juu ya lugha yao. Hawakuzungumza Kinavajo cha kawaida tu. Kifaru cha vita walikiita kobe, nyambizi wakaiita samaki wa chuma, na mabomu wakayaita mayai. Walianza na maneno zaidi ya 200, na kufikia mwisho wa vita yalikuwa zaidi ya 400. Wakati huo watu wapatao 400 walikuwa wamefundishwa kazi hiyo. Katika vita vya kisiwa cha Iwo Jima mwaka 1945, walipeleka ujumbe zaidi ya 800 katika siku mbili za mwanzo bila kosa. Wajapani hawakuwahi kulifumbua fumbo hilo.

Hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya ushindi, na kweli ni ushindi. Lakini tukiisoma kuanzia mwanzo wake tutaona jambo jingine. Kwa nini Kinavajo kilifaa kuwa fumbo? Kilifaa kwa sababu karibu hakuna mtu wa nje aliyejishughulisha kukijifunza. Mwaka 1864 serikali ya Marekani iliwafukuza Wanavajo kutoka nchi yao na kuwatembeza mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, ambako walizuiliwa hadi mwaka 1868. Baadaye watoto wao walipelekwa shule za bweni ambako kuzungumza Kinavajo lilikuwa kosa. Chester Nez, mmoja wa wale 29 na wa mwisho wao kufariki, mwaka 2014, alisimulia jinsi walivyooshwa kinywa kwa sabuni kwa sababu ya kusema lugha yao. Serikali iliyojaribu kuifuta lugha hiyo vinywani mwa watoto ndiyo iliyokuja kuwaomba watoto hao hao waiseme redioni. Waliporudi kutoka vitani, wale wa majimbo ya Arizona na New Mexico hawakuruhusiwa kupiga kura hadi mwaka 1948. Kazi yao yenyewe ilibaki siri ya serikali hadi mwaka 1968, kwa hiyo hata kujisifu mbele ya wajukuu hawakuweza.

Sihitaji kwenda Arizona kuelewa jambo hili. Katika shule ya msingi niliyosoma, aliyesikika akizungumza Kikakwa alivikwa kibao cha mbao shingoni. Ulikaa na kibao mpaka umsikie mwenzako akikosea, ndipo ukampa yeye. Jioni aliyelala na kibao alichapwa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kusikilizana: kila mtoto akawa mpelelezi wa mwenzake. Lakini timu yetu ya mpira ilipokwenda kucheza na shule moja ya upande wa Arua, ambako wachezaji wengi walikuwa Walugbara, mwalimu wetu wa michezo alituita kabla ya mechi akatuambia, "Leo semeni Kikakwa uwanjani, wasijue mnapanga nini." Tulishinda mbili kwa moja. Jumatatu kibao kilirudi.

Wakati ule tulicheka. Sasa naona kwamba mwalimu yule alitufundisha fikra nzima kuhusu lugha bila kukusudia. Alitufundisha kwamba lugha yetu haina thamani ndani ya darasa, ambamo watu hutafuta maarifa, ila ina thamani pale tunapotaka mtu mwingine asielewe. Kibao na mechi vilifundisha somo moja, kwamba Kikakwa ni kitu cha kuficha. Mtoto aliyefundishwa hivyo, akikua akawa kondakta, ataitumia lugha yake vipi? Ataitumia kama alivyofundishwa. Na akiwa mwanafunzi wa chuo aliyekaa kando ya mama mkimbizi, atatabasamu.

Hata hivyo, nisiharakishe kuihukumu siri yenyewe. Siri na uongo ni vitu viwili tofauti. Mwongo humtia mwenzake jambo la uongo kichwani. Mwenye siri humwacha mwenzake na asilolijua, basi. Wazazi wakizungumza kwa lugha ambayo watoto hawaijui hawajamdhulumu mtu. Wagonjwa wawili wakiulizana hali zao kwa lugha ya kwao katikati ya foleni ya hospitali hawajamkosea anayesikia bila kuelewa. Kila nyumba ina mlango, na kufunga mlango si dhambi. Lugha ya mama ni mmoja wa milango ambayo hata maskini asiye na nyumba anao.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika makala aliyoichapisha mwaka 1797, alijadili kisa cha muuaji anayebisha hodi akiuliza kama rafiki yako yumo ndani. Kant alisisitiza kwamba hata muuaji huyo usimwambie uongo. Wengi wetu darasani tulimwona Kant kuwa mkali kupita kiasi. Lakini watu wa nchi zenye lugha nyingi wana njia ya tatu ambayo Kant hakuijadili. Mwenye nyumba anaweza kugeuka na kumwambia rafiki yake, kwa lugha asiyoijua muuaji, "Toka kwa mlango wa nyuma." Hajasema uongo wowote. Ameokoa mtu kwa neno la kweli. Kwa hiyo nakubali kwamba lugha inaweza kuwa fumbo la haki, na ninaamini fumbo la Wanavajo dhidi ya jeshi lililokuwa likivamia nchi za watu lilikuwa la haki.

Basi mpaka uko wapi? Jibu la kwanza linalokuja akilini ni kuangalia nani yuko nje ya mlango. Ikiwa aliye nje ni muuaji na aliye ndani ni mnyonge, fumbo ni ngao. Ikiwa aliye nje ni mnyonge na walio ndani wanagawana mali yake, fumbo ni mtego. Kondakta na mimi tulikuwa wawili, gari letu, barabara yetu, na mji wetu mbele. Mama yule alikuwa na mtoto na godoro. Kwa kipimo hiki kesi yetu haihitaji hakimu.

Kipimo hiki ni kizuri lakini hakitoshi, kwa sababu aliye na nguvu leo anaweza kuwa mnyonge kesho, na lugha hubaki ile ile. Hakuna watu wanaolijua hili kuliko sisi wa Koboko. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Wakakwa wa Koboko, alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971. Katika miaka iliyofuata, kusema Kikakwa, Kinubi au Kiswahili cha kambini kulikuwa kama kuwa na hati ya kupita. Askari wawili waliweza kujadili hatima ya mtu mbele ya mtu huyo huyo, naye akasimama akitazama midomo yao bila kujua kama ataachiwa au atapakiwa kwenye buti la gari. Ndugu zetu wa kusini mwa nchi hawajaisahau hali hiyo. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tumeshawahi kuulizwa na mwenye nyumba au na jirani kwa nini tunasomea lugha ya wezi. Anayeuliza hana chuki na ngeli za nomino. Ni kwamba yeye, au mama yake, alikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini tangazo halikuweza kuwafanya watu waipende lugha iliyotumika kuwatisha.

Na wala lugha moja haikuleta uaminifu hata miongoni mwa wenyewe. Machi 1974 aliyeongoza jaribio la kumpindua Amin alikuwa Charles Arube, Mkakwa, mmoja wa wakuu wa jeshi lake. Alikufa katika jaribio hilo. Mwezi huo huo mwili wa Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, ulikutwa mtoni Nile. Wanaodhani kwamba anayesema lugha yako hawezi kukudhuru wakumbuke mwezi huo. Watu wa West Nile hatukuwa wamoja katika kula, ila baadaye tulihesabiwa kuwa wamoja katika kulipa.

Kulipa kulianza mwaka 1979. Vita vya Kagera vilikuwa na ajabu moja ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kuitafakari: majeshi yote mawili yaliamrishana kwa Kiswahili. Jeshi la Uganda lilikirithi kutoka King's African Rifles, na Tanzania ilikuwa imekifanya lugha ya taifa zima. Hapo Kiswahili hakikuweza kuwa fumbo la mtu yeyote. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwezi Juni Watanzania walikuwa wamefika mpakani kwetu. Wazee wa Koboko husema kwamba askari wa Tanzania walizungumza na watu, na watu wakawaelewa. Balaa lilikuja baada yao. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walishambulia West Nile kutoka ng'ambo ya mpaka, na jeshi jipya la Uganda likalipiza kisasi kwa raia. Miji ya Koboko na Arua ilibomolewa na watu wakakimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Ombaci karibu na Arua, ambako maelfu walikuwa wamejificha, makumi ya watu waliuawa.

Bibi yangu alikimbia wakati huo na watoto watatu, mmoja wao mama yangu. Njiani walikutana na askari. Bibi ameniambia mara nyingi kwamba hakuogopa bunduki kama alivyoogopa mdomo wake. Akisema Kikakwa, amesema lugha ya Amin. Akisema Kiswahili, wataona ni mke wa askari wa Amin, kwa maana mwanamke wa kijijini alikitoa wapi Kiswahili? Kilugbara chake kilikuwa na lafudhi ya Koboko. Hakuwa na lugha hata moja ya kusema. Basi akajifanya bubu. Aliwaonyesha watoto kwa kidole, akashika tumbo kuonyesha njaa, akatoa sauti ya bubu kutoka kooni. Watoto alikuwa amewafinya mapema wasitoe neno. Wakaachiwa wapite.

Katika Biblia, kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani na kumtaka kila anayevuka aseme neno "Shibolethi". Waefraimu hawakuweza kulitamka sawasawa, wakasema "Sibolethi", nao wakauawa. Mchungaji wetu alipolisoma somo hilo kanisani, bibi aliinuka akatoka nje. Nilikuwa mtoto, nikadhani anaumwa.

Fumbo na Shibolethi hufungwa na kufunguliwa kwa lugha ile ile. Unapoifanya lugha kuwa kufuli, umewafanya wasemaji wake wote kuwa funguo, hata wale ambao hawajawahi kusikia siri yako. Na anayetaka kuvunja kufuli huanza kwa kutafuta funguo. Joe Kieyoomia alikuwa askari Mnavajo aliyetekwa na Wajapani huko Ufilipino. Hakuwa mmoja wa wanamafumbo na hakuwahi kufundishwa kazi hiyo. Wajapani walipogundua kwamba yanayosikika redioni ni Kinavajo walimtesa ili awafasirie. Alisikia maneno ya lugha ya mama yake, lakini kobe na mayai katikati ya vita havikuwa na maana kwake. Fumbo lilikuwa imara kiasi kwamba hata Mnavajo hakuweza kulifumbua. Wakuu wa jeshi wakapata walichotaka. Aliyelipa gharama ni mtu ambaye hakuulizwa.

Mtaalamu wa mafumbo Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba fumbo zuri la kijeshi ni lile ambalo adui akiujua utaratibu wake bado halimsaidii kitu, kwa sababu siri iko katika ufunguo, na ufunguo unaweza kubadilishwa. Hapa ndipo lugha ya mama inapokuwa fumbo baya, hata kama haijawahi kufumbuliwa. Ufunguo wa lugha ni binadamu. Hauwezi kubadilishwa. Bibi yangu asingeweza kuutupa Kikakwa porini na kuokota lugha nyingine. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Walichotuachia tukimalizie wenyewe ni kwamba anayeitaka siri hiyo hataugusa mtungi. Ataishika kata.

Kwa hiyo naona kwamba kuuliza nani yuko nje ya mlango ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni kuuliza nani mwingine anaishi ndani ya lugha hiyo, na kama ameridhia. Wale 29 walijiandikisha wenyewe. Lakini mababu wa lugha, watoto watakaoizungumza kesho, na mfungwa aliye mikononi mwa adui leo, hawa wote wamo ndani ya fumbo na hawakuulizwa. Lugha si mali ya wanaoizungumza asubuhi ya leo peke yao. Anayeitumia kama silaha anatumia mali ya ukoo mzima, na analazimika kuwa na sababu ambayo anaweza kuisimamisha mbele ya ukoo mzima. Wanavajo wale, nadhani, wangeweza. Askari aliyejadili kwa Kikakwa mbele ya mfungwa asingeweza. Kondakta na mimi tusingeweza.

Tena kuna deni. Serikali iliyoitumia lugha ya watu katika shida inawajibika kwa lugha hiyo katika raha. Marekani ilichelewa mno: nishani za dhahabu za Bunge kwa wale 29 zilitolewa mwaka 2001, wakati wengi wao walikuwa wameshafariki. Na nishani ni deni dogo. Deni kubwa ni kumwachia mtoto aseme lugha yake darasani bila sabuni na bila kibao. Mwalimu wetu alitudai ushindi wa mbili kwa moja kwa Kikakwa. Sisi tulimdai tuandike japo insha moja kwa lugha hiyo. Hakulipa.

Msomaji anaweza kunipinga hivi: kama mafumbo ya lugha ni hatari kiasi hiki, basi dawa ni sote tuzungumze lugha moja iliyo wazi kwa wote, na lugha ndogo zife polepole. Kiswahili kipo. Katiba yetu ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Mimi nasoma Kiswahili na ninataka kukifundisha, hivyo ningetarajiwa kuikubali hoja hiyo. Siikubali. Lugha ya wote haizuii uovu. Vita vya Kagera vilipiganwa kwa Kiswahili pande zote mbili na watu wakafa vile vile. Na kumnyang'anya mtu mlango wa nyumba yake kwa sababu wezi nao hufunga milango si haki. Kiswahili kinafaa kuwa uwanja ambapo watu wa milango mbalimbali hukutana. Uwanja hauchukui nafasi ya nyumba.

Kuna sehemu ya hadithi ya bibi ambayo sijaisimulia. Baada ya kuvuka mpaka alitembea siku kadhaa akielekea upande wa Yei, bado akiwa bubu, kwa maana hakujua nani ni nani. Jioni moja walifika kwenye boma la mama mmoja. Mama yule aliwatazama watoto, akasema jambo kwa lugha yake, na bibi akaelewa. Lilikuwa jambo dogo tu: "Watoto hawa hawajala." Bibi anasema alifungua mdomo kumjibu, sauti ikakataa kwanza, kisha ikaja. Mama yule alikuwa Mpojulu. Walikaa kwake mvua mbili kabla ya kuhamia makazi ya wakimbizi. Lugha ambayo upande huu wa mpaka ilikuwa hatari ya kifo, upande ule ikawa uji.

Niliporudi nyumbani Desemba ile nilimsimulia bibi kisa cha taksi. Nilikisimulia kama kichekesho, jinsi kondakta alivyoaibika. Bibi hakucheka. Aliniuliza mama yule alitoka wapi. Nikamwambia, nadhani upande wa Lainya. Akanyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na wewe ulisema nini?" Nikamwambia sikusema kitu. Akainuka akaenda kuangalia sufuria.

Sijui kama ninaweza kulijibu swali la haki ya mafumbo kwa ukamilifu kuliko hapo. Ninachojua ni kwamba siku ile lugha yangu ilikuwa mikononi mwangu, na ningeweza kuifanya kile ambacho Mpojulu yule aliifanya jioni ile huko Sudan. Neno moja la Kikakwa kwa kondakta lingetosha: "Mrudishie." Angeelewa, mama angeelewa, na abiria wengine wasingejua hata kama palikuwa na jambo. Hiyo nayo ingekuwa siri, na ingekuwa siri ya haki.

Tangu hapo nimesafiri njia ile mara tatu. Safari ya mwisho kondakta mwingine alianza hesabu zake kwa Kikakwa juu ya mzee mmoja wa Kikongo aliyepandia njiani. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili gari zima lisikie nauli ni kiasi gani. Hakupenda. Aliniuliza kwa Kikakwa kama mimi si mtu wa kwao. Nilimwambia, kwa Kikakwa, kwamba ndivyo nilivyo.